Kamera ya joto, unyayo wenye ganzi na baridi ya Mbeya

Mwezi Julai, mpige picha ya joto ya nyayo mgonjwa wa kisukari aliyeingia kliniki sasa hivi akitokea kwenye baridi ya Uyole: vidole vyake vya miguu havitaonekana, vimepoa hadi vinafanana na ukuta. Anayemfuata ameota jiko la mkaa tangu alfajiri, na unyayo wake wote unang'aa mwekundu. Hapo hakuna aliyepimwa.

Kamera hii haitoi mionzi. Inapokea joto la ngozi tu. Mguu ukishafa ganzi kwa sababu ya kisukari, mtu hukanyaga palepale palipoumia, nyama za chini zinapondeka, damu inajaa na joto linapanda kabla ngozi haijachanika. Tunachopima ni tofauti: ikizidi nyuzi 2.2 za Selsiasi kati ya sehemu ileile ya kulia na kushoto, shtuka. Kwa hiyo napiga nyayo zote mbili kwenye picha moja. Kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu inaweza kukosea nyuzi 2 au zaidi, ila inakosea kwa miguu yote miwili karibu sawasawa.

Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 24. Huku kwetu hiyo ni kuwasha hita mapema na kuigeuzia upande mwingine, siyo kumsogezea mgonjwa jiko. Avue viatu na soksi, anyooshe miguu kitandani dakika 15, nyayo zisiguse kitu wala zisigusane. Mafuta asipake. Kitambaa kikinge joto la mwili nyuma ya vifundo, kamera isimame kama mita 1 ikitazamana na nyayo, emisiviti (kiwango cha ngozi kutoa joto, hupangwa kwenye kamera) iwe 0.98. Kipimo cha rangi kifunge, tuseme nyuzi 20 hadi 36. Ukiiachia kamera ijichagulie, nusu nyuzi tu itaonekana kama moto. Kisha soma namba, siyo rangi: kidole gumba, chini ya vidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, katikati ya unyayo, kisigino.

Tofauti ikizidi, rudia kesho yake. Ikibaki, apunguze kutembea mpaka ishuke, viatu vikaguliwe (gambuti za shambani ndizo za kwanza kuzishuku), na sugu ikwanguliwe kliniki, siyo kwa wembe nyumbani.

Mguu mmoja wa moto, umevimba, hauna kidonda na hauumi sana? Usikimbilie antibiotiki peke yake. Huenda ni ugonjwa wa Charcot: mifupa ya mguu wenye ganzi inavunjika mgonjwa akitembea. Asikanyage hata kama eksirei ya kwanza ni safi.

Picha tulivu nayo inadanganya. Mguu usiofikiwa na damu unaweza kuoza bila kupata joto, kwa hiyo shika mapigo kwenye mgongo wa mguu na nyuma ya kifundo, au tumia dopla (kifaa cha kusikiliza damu ikipita). Miguu yote ikivimba pamoja, tofauti haionekani. Aliyekatwa mguu mmoja hana wa kulinganisha. Huyo namlinganishia na sehemu za jirani kwenye mguu uleule, na uzi wa gramu 10 wa kupima ganzi siuachi.