"Ipunguze" ni kupunguza nini?

Kaskazi iliyopita niliitwa Kikwajuni, mjini Unguja, kutazama eisii (AC) ambayo, kwa maneno ya mwenye nyumba, "haisikii". Nilimkuta bibi amejifunika kanga mbili miguuni, na mjukuu wake amesimama na rimoti mkononi. "Nimekwambia ipunguze," akasema bibi. "Nimeipunguza, bibi, ishafika 16," akajibu kijana kwa adabu. Chombo chenyewe kilikuwa kizima.

Ubovu ulikuwa katika kiambishi i-. Eisii, baridi na namba ni za ngeli moja, kwa hiyo "ipunguze" huzifaa zote tatu, ilhali kupunguza baridi ni kupandisha namba, na kupunguza namba ni kuongeza baridi. Bibi alikusudia baridi, mjukuu akashika namba, na kila mmoja alikuwa na haki yake kwa Kiswahili fasaha. "Lipunguze" lingekuwa wazi, kwa kuwa hapo linalokusudiwa ni joto, lakini wateja wangu hawasemi hivyo. Wala kuiita kiyoyozi, kama tulivyofundishwa skuli, hakutuokoi, kwani "kipunguze" hutaja chombo bila ya kueleza ni kitu gani chake kinachopunguzwa.

Simlaumu kijana. Kwenye feni, namba ikipanda upepo huzidi. Kwenye friji nyingi za kitufe cha kuzungusha, namba kubwa ndiyo baridi kali. Eisii peke yake hukwenda kinyume, kwa sababu namba yake si kipimo cha nguvu bali ni digrii za joto ambazo chumba kinatakiwa kizifikie. Ndiyo maana anayeingia ndani ametota jasho akabonyeza 16 ili chumba kipoe upesi hapati haraka anayoitaka: katika eisii isiyo na inveta, yaani isiyoweza kubadilisha kasi ya kompresa, kompresa hufanya kazi kwa nguvu ile ile ukiweka 16 au 24, isipokuwa kwenye 24 hupumzika mapema, na kwenye 16, kwa jua letu la Januari, huenda isipumzike kabisa huku uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiyeyuka.

Mimi siku hizi husema namba tu: "weka 25".

Siku ile niliweka 26. Kompresa ikanyamaza kule nje, na baada ya muda bibi akaondoa kanga moja, akamgeukia mjukuu wake.

"Umeona? Fundi kaipunguza."