Makaratasi ya Marekani: Ya Barazani na ya Kweli

Saiba yangu, duka la intaneti, iko Majengo, Mombasa, mashine nne na printa moja inayokohoa. Kinachoniweka mjini ni PIN za KRA za kulipia kodi, fomu za HELB za mikopo ya wanafunzi na wazee wanaotaka kupigiwa chapa barua za mirathi. Lakini haipiti wiki bila mtu kunisogezea karatasi iliyokunjwa mara nne na kuniambia, "Ami, hebu niangalizie, yamefika wapi?" Huwa najua kabla ya kuikunjua. Ndani mna herufi tatu na tarakimu kumi, nambari ya risiti ya ombi la kumhamishia jamaa Marekani, ambalo mume, mwana au ndugu amelifaili kule. Naiingiza, ukurasa unafunguka, na jibu ni lile lile la mwezi uliopita. Limepokelewa.

Mimi mwenyewe yangu yamo humo humo. Kaka yangu ni raia wa kule, alinifailia Machi 2011. Na kwa miaka yote hii nimeona watu wengi zaidi wakiharibikiwa kwa maneno ya barazani kuliko kwa foleni yenyewe.

"Ubalozi wa Nairobi umelikalia faili langu"

Hili nalisikia kuliko yote. Lilimtoa mzee mmoja Likoni kwa basi la usiku hadi Gigiri, Nairobi, uliko ubalozi, akafika alfajiri, akasimama getini, askari akamwambia arudi nyumbani aangalie kwenye intaneti. Alikuja kwangu tiketi ikiwa bado mfukoni mwa kanzu. Nikamfungulia. Faili lake halikuwa Nairobi, na halijawahi kufika Nairobi.

Ombi lenyewe, fomu I-130, huanzia kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, na hukaa huko huko mpaka likubaliwe. Likishakubaliwa huenda kwa kituo cha taifa cha viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Hapo ndipo hulipwa dola 325 kwa kila msafiri na dola 120 za kukagua fomu ya udhamini, I-864, kisha mwombaji hujaza fomu ya viza, DS-260, na kupandisha vyeti vyake kwenye tovuti. Makaratasi yakitimia, na tarehe yako ya foleni ikiwa imefikiwa, ndipo Nairobi wanaingia, kwa ajili ya mahojiano.

Kwa hiyo ukimpata broka anayejigamba kuwa ana mtu wake ubalozini wa kusukuma faili, muulize atasukuma nini. I-130 haina hata ile huduma ya kulipia zaidi ili iharakishwe. Lipo ombi la dharura, ni la bure, na hukubaliwa kwa sababu nzito zenye ushahidi, kama ugonjwa wa hatari au hasara kubwa ya fedha. Upweke hauhesabiwi, ingawa nawajua kina dada wa Kisauni ambao wangeapa kuwa nao ni ugonjwa.

Na wa kuulizia ni yule aliyefaili. Muda uliotangazwa kwenye tovuti ya USCIS ukipita, yeye ndiye hutuma ulizo. Akikwama, ofisi ya mjumbe wa Congress wa eneo lake yaweza kumuulizia. Kama anaishi upande wa mashariki, mpigie saa tisa mchana. Kwake ndiyo asubuhi, hajaingia kazini, hana pa kujificha.

"Foleni ni moja, aliyetangulia ndiye huondoka"

Jirani alifailiwa 2022 akaondoka, wewe ulifailiwa 2012 bado mnaonana sokoni. Mtaa mzima unasema amehonga. Hakuhonga, hamkuwa foleni moja. Mke au mume wa raia, wazazi wa raia aliyetimiza miaka 21, na watoto wa raia walio chini ya miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa, hao hawana kikomo cha idadi. Wanachosubiri ni kazi ya makaratasi tu. Waliobaki, yaani watoto wakubwa, ndugu, na familia za wenye grini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, hugawana viza kama 226,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Fungu la sisi ndugu ni 65,000, na hakuna nchi inayotakiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7.

Siku ombi lilipopokelewa ndiyo nafasi yako kwenye foleni. Kila mwezi wizara ya mambo ya nje ya Marekani hutoa jarida la viza lenye tarehe zinazohudumiwa. Mwishoni mwa 2025, ndugu wa raia waliokuwa wakifikiwa ni wa mwanzo wa 2008, yaani waliofaili wakati Kenya ingali inafuka moshi wa uchaguzi. Usidhani pia kwamba tarehe husonga mbele mwezi kwa mwezi. Kuna miezi husimama, na kuna miezi hurudi nyuma. Mara ya kwanza kuiona yangu ikirudi nyuma nilizima kompyuta nikaiwasha upya.

"Nikah ya simu inatosha, fomu ijazwe kesho yake"

Hapa ndipo Mombasa tunapoumia sana, maana harusi zetu zinajua kutumia teknolojia. Bwana arusi yuko Minneapolis, wali yuko msikitini, simu imesimamishwa kwa birika la kahawa, akidi ikapita, halua ikaliwa, vigelegele vikasikika mpaka barabarani. Kidini mambo yamekwisha na mimi sina la kuongeza. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa iliyofungwa bi arusi na bwana arusi wakiwa mbalimbali, mpaka wakutane kimwili kama mke na mume baada ya akidi. Kukutana kwao kabla ya hapo hakusaidii kitu. Kwa hiyo bwana apande ndege aje, na alama za kwenye pasi, tiketi, risiti ya hoteli na picha za siku hizo vihifadhiwe. Kisha ndipo I-130 ifailiwe. Nimeona aliyefaili kwanza na kusafiri baadaye, na dada wa watu akarudishwa mwanzo wa safari baada ya kungoja kama wenzake.

Cheti cha ndoa nacho kiwe kimesajiliwa, si ile karatasi ya msikiti peke yake. Aliyewahi kuachwa awe na cheti cha talaka, kwa sababu talaka ya mdomo, hata mtaa mzima ukiwa shahidi, haipandishwi kwenye tovuti. Na mke wa pili, samahani kulisema hivi, hapiti kwa njia hii akiwa wa pili. Wao hutambua ndoa ya kwanza tu.

"Mama akipita, wadogo watapanda mgongoni mwake"

Hapana. Raia akimfailia mama yake, ombi ni la mama peke yake, na wadogo zako wa miaka tisa na kumi na mbili hawamo. Itabidi mama afike kwanza awafailie mwenyewe, au wewe uwafailie kama ndugu, kwenye ile foleni ya miaka. Kadhalika mwenye grini kadi akipata uraia ombi likiwa njiani: mke huhamia kundi lisilo na kikomo, jambo zuri, lakini watoto waliokuwa chini ya jina la mama sasa kila mmoja anahitaji I-130 yake. Watu husherehekea uraia wakasahau hilo mpaka siku ya mahojiano.

"Nishafailiwa, kazi yangu ni kungoja"

Kaa hivyo uone. NVC wakishakutumia taarifa kwamba zamu yako imefika nawe ukanyamaza mwaka mzima, usajili wako waweza kufutwa. Barua pepe uliyoiandikisha 2014 na ukasahau neno la siri ndimo taarifa hiyo itakapoingia. Karibu nusu ya wanaokuja kwangu, kazi ya kwanza ni kuifufua barua pepe.

Kisha majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatma, kitambulisho Fatuma, pasi Fatuma Swaleh, cheti cha shule Fatma Saleh. Sisi wote twajua ni mtu mmoja. Afisa wa mahojiano hajui, na kusahihisha jina kunakula miezi, kwa hivyo lifanywe sasa wakati foleni imelala. Vyeti vya kuzaliwa vilivyosajiliwa mtoto akiwa mkubwa, na Pwani ni vingi, huzua maswali. Wakati mwingine wao hupendekeza kipimo cha DNA kati ya mzazi na mtoto. Tafuta mapema karatasi za zamani zenye jina la mzazi, kadi ya kliniki au rejista ya madrasa au shule.

Aliyefanya kazi Ghuba naye asilale. Nchi yoyote uliyoishi miezi 12 au zaidi ukiwa umetimiza miaka 16, wanataka cheti cha polisi cha huko. Kukipata cha Saudia ukiwa umekaa Changamwe ni kazi ya kupigania. Lakini cheti chetu cha tabia njema, kile kila mtu hukiita gudi kondakti, usikikimbilie. Vyeti hivyo huchakaa kwa tarehe, na vipimo vya afya kwa kawaida havizidi miezi sita. Nimewaona waliolipia mara tatu kwa kujitayarisha mapema mno.

"Ukishafailiwa huruhusiwi kuomba viza ya kutembea"

Unaruhusiwa. Ila fomu inauliza kama kuna aliyewahi kukufailia, na ukidanganya umejichimbia. Sema kweli, na ujue kumshawishi afisa kuwa utarudi itakuwa vigumu.

"Ukioa au kuolewa ni mambo yako, hayagusi ombi"

Mwana wa mwenye grini kadi akioa kabla ya viza, ombi linakufa siku hiyo hiyo. Mwana wa raia akioa, huhamishwa foleni, na hiyo mpya ni ndefu zaidi. Nimewaona vijana wawili wakija kwangu na picha za harusi kama ushahidi wa furaha, nami nikalazimika kuwaambia.

La kwangu lina hesabu yake. Binti yangu alizaliwa 2004 na yumo kwenye ombi langu. USCIS walilikubali 2016, baada ya miaka mitano ya kulikalia, na miaka hiyo mitano niliilaani sana. Kumbe kuna sheria ya 2002 ya kulinda watoto: tarehe yangu ikifikiwa, hupunguza kutoka umri wake muda ambao ombi lilikuwa halijajibiwa. Akiwa na miaka 25, kwao ana 20, bado mtoto. Ule ule uchelewaji ndio ulimwekea nafasi. Sharti ni kwamba asiwe ameolewa, na aombe viza ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka jana ikaletwa posa. Kijana wa Kibokoni, anafanya kazi bandarini, mtu wa adabu. Niliwaomba wazee wake wiki mbili. Usiku mmoja nikafunga saiba mapema, nikamketisha binti mbele ya mashine, nikamfungulia jarida la viza na kumwonyesha yote, 25 inavyokuwa 20.

Akaniuliza, "Sasa baba, tarehe yenyewe itafika lini?"

Nikapekua ukurasa juu na chini kama mtu aliyepoteza kitu.

"Basi waambie waje," akasema.

Walikuja Ijumaa baada ya Alasiri na sinia la halua. Jioni kaka akapiga kwa video kumpongeza, nikampa salamu zote, kisha nikamwambia kwenye yale makaratasi sasa tumebaki watatu.