Kanuni mpya zinavyovunja ubabe wa timu Formula 1, na zinavyouzaa upya

Mwaka 2004 timu ya Ferrari ilishinda mbio 15 kati ya 18 za magari ya Formula 1. Mwaka uliofuata, ikiwa na dereva yule yule Michael Schumacher, iliambulia ushindi mmoja, tena kule Indianapolis ambako yalikimbia magari sita tu. Kilichoiumiza zaidi ni kanuni moja: kuanzia 2005 ilikatazwa kubadilisha matairi katikati ya mbio, labda yapasuke au yaharibike. Matairi ya Michelin, yaliyotumiwa na timu nyingi, yalihimili mbio nzima vizuri kuliko Bridgestone ya Ferrari. Ubingwa ukaenda kwa Renault na kijana wao Fernando Alonso.

Hapo ndipo ilipo maana ya mabadiliko ya kanuni katika mchezo huu. Shirikisho la FIA, linalosimamia mchezo huu, linapoandika upya vipimo vya gari, injini au matairi, ujuzi ambao timu imeulimbikiza kwa miaka hupungua thamani, mwingine hufutika kabisa. Anayeongoza ndiye mwenye mengi ya kupoteza.

Wengi hudhani basi timu ndogo ndizo hufaidika. Mara chache. Anayefaidika ni aliyeanza kujiandaa mapema. Chukua mfano wa 2009, ambao kwangu hauna mpinzani. Honda ilimaliza 2008 ikiwa ya tisa, gari lake halifai, kwa hiyo ikaliacha na kuelekeza nguvu kwenye gari la kanuni mpya za mwaka unaofuata. Desemba, kampuni ikatangaza kujitoa. Mkuu wa timu hiyo, Ross Brawn, akaichukua, akaipa jina lake na kufunga injini ya Mercedes. Kanuni zilikuwa zimepunguza nguvu ya difuza, ile sehemu ya chini nyuma inayopitisha hewa na kulifanya gari ling'ang'anie barabara. Wahandisi wa Brawn wakaona mwanya katika maandishi, wakaunda difuza ya ngazi mbili. Toyota na Williams nao waliuona. Wapinzani walikata rufaa, wakashindwa. Dereva wa Brawn, Jenson Button, akashinda mbio sita kati ya saba za mwanzo, na wakubwa walipomaliza kuiga, ubingwa ulikuwa umeshaelekea kwake.

Timu hiyo ya Brawn ilinunuliwa, ikawa Mercedes. Kanuni zilipobadilika tena 2014, Red Bull iliyokuwa imetwaa ubingwa mara nne mfululizo ikaanguka. Injini za silinda nane zilitolewa, zikaja za silinda sita zenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na msaada wa umeme. Mercedes ilikuwa imejiandaa kwa miaka: mbio 16 kati ya 19 mwaka huo, na ubingwa wa timu hadi 2021, mara nane bila kukatika. Ubabe mmoja ulivunjwa, ukazaliwa mwingine mrefu kuliko huo.

Mwaka 2022 hadithi ikageuka. Kanuni mpya ziliitaka sakafu ya gari ndiyo ifanye kazi kubwa ya kulivuta chini. Gari la Mercedes likawa linadundadunda kwenye barabara iliyonyooka, na kufika 2023 Red Bull ilishinda mbio 21 kati ya 22.

Lakini tazama 2024. Kanuni hazikuguswa sana, na bado walishinda madereva saba kutoka timu nne, McLaren ikatwaa ubingwa wa timu kwa mara ya kwanza tangu 1998. Kanuni zikikaa, aliye mbele hukosa pa kusogea na walio nyuma humfikia. Ndiyo maana huwa sishangilii kila tangazo la kanuni mpya. Kinachosaidia ushindani zaidi, kwa maoni yangu, ni hatua zisizovutia macho: ukomo wa matumizi ya fedha ulioanza 2021, na mgawo wa muda wa kupima magari kwa upepo, ambapo inayoongoza msimamo hupewa asilimia 70 ya kiwango cha msingi na ya kumi hupewa 115.