Mawingu Yanayopasha Joto Barafu ya Ncha ya Kaskazini

Mkulima wa korosho wa Newala anaujua usiku wa Julai usio na wingu. Baridi inauma, na alfajiri majani yameloa umande. Wingu likitanda, usiku huwa na nafuu, kwa sababu ardhi hutoa joto usiku kucha kwa mionzi isiyoonekana, na wingu huidaka mionzi hiyo na kurudisha sehemu yake chini. Mchana wingu hukinga jua. Ukijumlisha dunia nzima, kukinga kunazidi: mawingu hupoza.

Aktiki, yaani eneo la kuzunguka Ncha ya Kaskazini, hesabu ni nyingine. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki, kwingine kwa miezi, hivyo wingu halina cha kukinga. Linabaki na kazi ya usiku tu. Hata jua linaporudi, theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, kwa hiyo kivuli cha wingu hakiongezi kitu kikubwa. Ndiyo maana juu ya barafu mawingu hupasha joto karibu mwaka mzima. Barafu ikiyeyuka hali hubadilika, maana bahari tupu hunywa karibu mwanga wote, na hapo kivuli kina maana.

Jambo ambalo wengi hawaliamini tukilieleza ni hili: mengi ya mawingu hayo yana maji, si barafu tupu, hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Tone safi haligandi bila chembe, kwa mfano ya vumbi, ya kuanzia. Likikosa, huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Na matone hudaka joto kuliko chembe za barafu.

Julai 2012 karibu uso wote wa barafu ya Greenland, kisiwa kikubwa cha Aktiki, uliyeyuka kwa siku chache, hata kileleni, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Hewa ya joto ilikuwa imeingia, lakini mawingu mepesi ya maji yalichangia: membamba kiasi cha kupitisha jua, mazito kiasi cha kuzuia joto lisitoroke.

Barafu ya Greenland ikiisha yote, kazi ya karne nyingi, bahari itapanda takriban mita 7. Kilwa Kisiwani mawimbi yameshakula sehemu ya kuta za Gereza, ngome ya kale ya kisiwa hicho. Mtu wa Mikindani akituuliza bahari itapanda kiasi gani na kwa kasi gani, sehemu ya jibu imo katika mawingu hayo, na mifano ya kompyuta inayoiga tabianchi bado inahangaika kukadiria maji ni kiasi gani na barafu kiasi gani ndani yake.