Je, wajua Ufaransa wanaamuaje kama kitu ulichokiona angani kweli hakijulikani?

Mtu akisema ameona UFO wengi tunacheka tu, lakini Ufaransa kuna ofisi ya serikali kabisa ya kupokea hizo taarifa, inaitwa GEIPAN, iko Toulouse ndani ya CNES, yaani shirika lao la anga za juu, na ilianza 1977 ikiwa na jina la GEPAN.

Ukiona kitu hukielewi unaenda kwa askari wa jandarmeri, yaani polisi wao wa kijeshi, wanakuandikia maelezo, saa ngapi, upande gani, kimepita kwa muda gani. Halafu ofisi inaanza kulinganisha na ndege zilizokuwa hewani, satelaiti, hali ya hewa na nyota za usiku ule. Mara nyingi jibu linapatikana, ni sayari ya Zuhura, au zile taa za karatasi watu wanarusha kwenye sherehe. Tarehe 5 Novemba 1990 watu kibao Ufaransa waliona mataa yanakatiza angani kimya kimya, kumbe kipande cha roketi ya Wasovieti kinaungua kikirudi duniani.

Sasa sehemu naipenda mimi ni madaraja wanayopangia kesi. A ni kimejulikana kwa uhakika, B inaelekea kimejulikana, C taarifa hazitoshi, na D ni kwamba taarifa zipo za kutosha, uchunguzi umefanyika na bado jibu hakuna. Hapo kwenye C na D ndo watu wengi wanachanganya, maana picha yako ya kutikisika yenye kanukta keupe haiwi fumbo, inaishia C, D lazima uifanyie kazi. Na D haimaanishi viumbe wa sayari nyingine, inamaanisha hatujui basi.

Mfano wa D ni kesi ya Trans-en-Provence, mji mdogo kusini mwa Ufaransa, tarehe 8 Januari 1981, jamaa yuko kwenye shamba lake akasikia mluzi, kitu kikatua kidogo kikaondoka, kikaacha alama ya duara ardhini, jandarmeri wakachukua udongo na majani wakapeleka maabara na majani yakakutwa yamebadilika.

Machi 2007 wakaanza kuweka mafaili kwenye intaneti kila mtu asome, watu wakavamia hadi tovuti ikazidiwa. Na kesi za zamani wanazifungua upya, kuna zilizokaa D miaka mingi zikashushwa baada ya kupata maelezo.