Usimchokonoe asimulie: mwezi wa kwanza wa mtu aliyekimbia vita

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kwa wahudumu wapya ni haraka ya kutaka kusikia yaliyotokea. Mtu hajapata hata pa kujilaza, tayari anaulizwa alimwona nani akiuawa. Nia ni njema, kwani wengi huamini kwamba dukuduku likitolewa moyo hutulia. Lakini kikao cha kumtaka mtu asimulie tukio lote siku chache baada ya kulipitia hakizuii kiwewe, na wengine huwazidishia maumivu. Shirika la Afya Duniani (WHO) halikipendekezi.

Mwongozo wa WHO wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa mwaka 2011, unataja hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali ni salama na nani ana shida isiyoweza kungoja. Kusikiliza ni kukaa naye na kumuuliza anahitaji nini sasa. Akianza kusimulia mwenyewe usimkatize, akinyamaza nyamaza naye. Kuunganisha ndiko kunakorukwa zaidi, nako ndiko kunakoponya: kumsaidia kutafuta ndugu waliopotezana, kumpeleka yalipo maji na matibabu, kumpa habari unazozijua kwa hakika. Usimwambie mama kwamba mwanawe atapatikana. Siku asipopatikana, atakuwa amempoteza mara ya pili, na wewe hatakuamini tena.

Kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, ndoto za kutisha, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kuanza upya: katika wiki za mwanzo haya kwa kawaida si ugonjwa. Mtoto asichapwe wala kuaibishwa. Mtu mzima asipewe diazepamu au dawa za jamii hiyo ili alale. Mwili huzizoea upesi, na WHO inashauri zisitumike kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Uliza kwanza kinachomnyima usingizi. Mara nyingi ni mlango usiofungika, giza la njia ya chooni, au kulala kando ya watu asiowajua. Komeo la ndani linaweza kufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi.

Ukipita mwezi, angalia mambo matatu yakiambatana: tukio kumrudia kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinacholikumbusha, na kuwa macho muda wote kama adui yuko karibu. Yakimzuia kufanya shughuli zake, apelekwe kwa mtaalamu. Na msitafute kiwewe peke yake, kwani sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi viko vingi pia. WHO ilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yenye migogoro, takriban mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, dogo au kubwa.

Kwa wengi wao, mhudumu asiye daktari lakini aliyefunzwa na anayesimamiwa anaweza kutosha. Mpango wa WHO uitwao PM+ (Problem Management Plus), wa kumfunza mtu kukabili msongo na matatizo yake, una vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Huanza na kupumua polepole: sekunde 3 kuvuta, sekunde 3 kutoa, tumbo likipanda na kushuka. Wanaolalamika kizunguzungu huwa wanavuta pumzi kubwa mno. Waambie wapunguze, wasiongeze. Kisha huja kutatua tatizo moja linalotatulika, kurudia shughuli zilizoachwa, na kuimarisha uhusiano na watu.

Wanaosahaulika ni waliokuwa wagonjwa kabla ya vita. Mwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya asikie au kuamini yasiyokuwepo, au mwenye kifafa, hukimbia bila dawa, na kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Siku ya kuandikishwa, muulize yeye au jamaa yake: alikuwa anatumia dawa gani, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Hilo lisingoje wiki ijayo.

Anayesema hana sababu ya kuishi aulizwe wazi, faraghani, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo; wengi huona nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.