Mnara wa Likoni na saa tatu ya muuza madafu

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu Jumatatu moja asubuhi akiwa na simu mbili na daftari la shule. Simu moja ilikuwa yake, ya pili ya jirani, maana ile ya kwake ilikuwa imejaa skrinshoti hadi ikagoma kupokea kitu. Kabla hajakaa akaniambia, "Mwanangu, watu wanasema kijana wangu ameuawa na mkwe wangu. Wana ushahidi, nimeunakili wote humu. Nisomee wewe, kazi hii unaijua."

Kijana mwenyewe alikuwa fundi wa friji, mkazi wa Kongowea, Mombasa, na alikuwa na siku ya sita hajulikani aliko. Familia imeniruhusu kuyaandika haya, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Kazi yangu ni kusoma simu. Mawakili huniletea kumbukumbu za mawasiliano na vifaa vyenyewe, nami hueleza mahakamani vinachosema na visichoweza kusema. Hilo la pili ndilo gumu. Mashahidi wengi wa aina yangu huharibu kesi kwa kusema zaidi ya walichokiona, na niliposoma lile daftari niliona watu zaidi ya mia nne wa grupu moja la mtandaoni wakifanya kosa hilohilo kwa siku sita mfululizo, wengi wao kwa nia njema kabisa.

Nadharia yao ilikuwa hivi. Kijana alionekana mara ya mwisho saa tisa alasiri kwenye bustani ya Mama Ngina, ufukweni mwa kisiwa cha Mombasa. Simu yake ilisikika mara ya mwisho Likoni, ng'ambo ya pili ya kivuko cha feri, saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Kwa hiyo kuna saa sita zisizo na maelezo. Mtu wa mwisho kuzungumza naye ni shemeji yake, mume wa dadake, anayekaa Likoni na mwenye kibanda cha M-Pesa huko. Na tangu siku ile, kila asubuhi kama saa mbili, jumbe za WhatsApp anazotumiwa zinaonyesha tiki mbili, ilhali ukimpigia hapatikani. Basi kuna mtu anayo simu yake, anaiwasha asubuhi na kuizima. Ilipangika vizuri mno. Hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza mwili ulinisisimka.

Tuanze na mnara, kwa sababu ndio uliowapeleka vijana wa kujitolea kuzunguka Likoni siku sita, wakitafuta vichakani na ufukweni.

Kumbukumbu ambazo polisi hupata kutoka kampuni ya simu kwa amri ya mahakama hazionyeshi mahali simu ilipo. Zinaonyesha kwamba saa fulani simu ilipiga, ilipigiwa, ilituma ujumbe au ilitumia data, na shughuli hiyo ikapitia mnara fulani, upande fulani wa mnara. Mnara wa kawaida hugawanywa pande tatu, kila upande ukihudumia kama theluthi ya mduara. Simu haichagui mnara ulio karibu zaidi. Inachagua ule inaousikia vizuri zaidi kwa dakika ile, na ule wa karibu ukiwa umelemewa, mtandao unaweza kuihamishia kwa jirani. Mjini, ukuta wa ghorofa hukata mawimbi. Juu ya maji hakuna cha kuyakata.

Sasa simama chini ya mibuyu ya Mama Ngina uangalie ng'ambo. Kati yako na Likoni pana kama nusu kilomita ya maji matupu. Nyuma yako kuna majumba na miti. Simu yako itausikia mnara gani vizuri? Mara nyingi ni wa Likoni. Nimewahi kulipima hilo kwa simu yangu mwenyewe, nikitembea polepole kandokando ya ukuta jioni, na mara nne kati ya kumi nilihudumiwa na mnara wa ng'ambo huku miguu yangu ikiwa kisiwani. Neno "Likoni" kwenye karatasi ya kampuni ya simu ni anwani ya nguzo ya chuma. Aliyeivujisha karatasi ile kwenye grupu hakulijua hilo, na hakuna aliyemuuliza upande wa mnara ulioandikwa. Ulikuwa ule unaotazama kivuko.

Lakini peke yake hilo halitoshi. Ningeweza kusema tu kwamba huenda alikuwa kisiwani, huenda Likoni. Kilichofungua jambo ni muuza madafu.

Wale watu walikuwa na sauti yake iliyorekodiwa. Niliisikiliza mara tatu. Mzee anasema, kwa Kimvita safi kabisa, kwamba alimwona kijana "saa tatu", akanywa dafu moja, akasimama ukutani kuangalia meli ikiingia, na kwamba redio ndiyo kwanza ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Mtu mmoja kwenye grupu, naamini haishi Pwani, akatengeneza ratiba ya matukio kwa Kiingereza. "Saa tatu" akaiandika kwa tarakimu ya tatu. Mwingine akaongeza kwamba ni mchana, kwa kuwa nani hunywa madafu usiku? Wa tatu akaichukua ratiba ile, akairudisha kwa Kiswahili ili wazee waisome, ikawa saa tisa alasiri. Saa sita zote zile zilizokuwa zikijadiliwa usiku na mchana, zilizochorewa ramani na mishale myekundu, zilizaliwa pale. Hazikuwahi kuwepo. Na watu wa Mombasa, ambao huhesabu saa za Kiswahili tangu utotoni, walizisoma wakaamini kwa sababu zilikuwa zimechapwa kwenye jedwali.

Rudisha saa tatu mahali pake, yaani usiku, uone kinachotokea. Saa tatu kamili, redio ikianza habari, kijana yuko Mama Ngina. Saa tatu na dakika kumi na mbili simu yake inapokea simu kupitia mnara wa Likoni. Kutoka kwenye madafu hadi feri, ushuke mteremko, usubiri, upakie, uvuke, ushuke upande wa pili: dakika kumi na mbili hazitoshi. Hakuvuka. Alikuwa kisiwani, na msako wote ulikuwa ng'ambo isiyo yake.

Makosa ya saa ndiyo ninayokutana nayo kuliko mengine yote, kwa hiyo niongeze kidogo. Vifaa vingi huhifadhi muda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukiona kwenye faili 18:40, hapa petu ilikuwa 21:40, saa tatu na dakika arobaini usiku. Kamera za dukani ni mbaya zaidi. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, saa yake hurudi nyuma au husimama, na mwenye duka haangalii miezi mingi. Ndiyo maana kabla ya kuichukua picha yoyote ya kamera, mchunguzi hupiga picha ya skrini ile pamoja na saa sahihi kando yake, ajue tofauti ni dakika ngapi. Picha ya kamera iliyotumwa WhatsApp bila hilo hainisaidii kupanga muda.

Tiki mbili je? Hapa nilimuuliza mama swali moja tu: kijana wako hutumia kompyuta wapi? Akanijibu bila kufikiri, kwenye saiba, duka la intaneti la hapo Kongowea, ndipo anapochapisha kwotesheni za wateja. Nilikwenda. Kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, kivinjari kimewekwa kifungue kurasa zilezile za jana, na katikati yake WhatsApp ya kijana iko wazi. Hakuwahi kutoka. Mwenye saiba hufungua duka saa mbili asubuhi. Kompyuta ikiwaka, jumbe zote za usiku zinaingia kwa mpigo, na kwa aliyetuma zinaonekana zimefika, kwa sababu tiki mbili humaanisha ujumbe umefika kwenye simu au kwenye kifaa chochote kilichounganishwa nayo. Tangu 2021 vifaa hivyo hufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa. Baada ya zaidi ya siku 14 bila simu kutumika, WhatsApp huviondoa, na tiki hurudi kuwa moja. Nilishukuru hatukufika huko, maana najua wangeliandika nini siku hiyo.

Simu ya mwisho ilikuwa ya sekunde arobaini. Shemeji alikuwa anauliza friji ya jirani yake itakuwa tayari lini. Watu walichukua nambari ile, wakaanza kuitumia pesa kwa M-Pesa bila kumaliza, ili jina litokee. Likatokea jina la bibi mmoja. Laini ilisajiliwa na mamake shemeji miaka mingi nyuma, kama zilivyo laini nyingi za familia zetu. Jina la bibi yule, mwenye zaidi ya miaka sabini, likaandikwa kuwa la mshirika wa mauaji. Usiku wa siku ya tano kibanda cha mwanawe kikarushiwa mawe.

Haya si ya Mombasa peke yake. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston kule Marekani, watumiaji wa mtandao wa Reddit waliamua kwamba mmoja wa walioonekana kwenye picha ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown aliyekuwa amepotea tangu Machi. Familia yake, iliyokuwa ikimtafuta kwa uchungu, ilimiminiwa matusi hadi ikaufunga ukurasa iliokuwa ikiutumia kumtafutia. Aprili 23 mwili wake ulipatikana mtoni Providence. Hakuhusika na lolote. Reddit iliomba radhi hadharani.

Na Januari 27, 2023, kijijini St Michael's on Wyre, Lancashire, Uingereza, mama mmoja alipotea akimtembeza mbwa. Simu yake ilikutwa juu ya benchi, bado ikiwa kwenye mkutano wa kazini. Simu ile juu ya benchi iliwatia watu wazimu. Wakasema imewekwa pale makusudi, wakaja na kamera zao hadi kijijini, wakachungulia nyumba za watu, polisi wakalazimika kutumia amri za kuwatawanya. Mwili ulipatikana mtoni Februari 19, si mbali na hapo, na Juni mwaka huo uchunguzi wa kimahakama ukaamua kwamba alizama kwa ajali. Waliodai kwamba mto ulishatafutwa, kwa hiyo mwili uliletwa baadaye, hawakujua maji. Sisi wa hapa tunayajua. Septemba 29, 2019 gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama na mama na bintiye, kila mtu aliona mahali lilipozamia, na bado zilipita siku 12 kabla halijatolewa, kutoka kina cha kama mita 58, mkondo ukivuta na wapiga mbizi wasione hata mikono yao.

Nirudi kwa kijana. Tulipokubaliana na afisa anayeshughulikia faili kwamba alikuwa kisiwani, msako uligeuzwa. Binamu yake aliandika tangazo jipya, akakataa kuweka nadharia yoyote. Liliandikwa hivi: picha moja ya karibuni, fulana ya bluu, kovu juu ya jicho la kushoto, alionekana Mama Ngina saa tatu usiku, yaani saa tatu baada ya magharibi, nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na simu ya kituo. Simu ya nyumbani haikuwekwa, maana ilishakuwa ya matusi na ya matapeli wanaotaka fidia. Siku ya tisa mhudumu wa usafi wa hospitali moja ya kisiwani aliliona, akatambua lile kovu. Kijana aligongwa na bodaboda akivuka barabara usiku uleule, wasamaria wakambeba, simu ikapotelea pale. Alikuwa amelazwa bila fahamu, jina lake kitandani limeandikwa "mwanamume asiyejulikana". Ndugu zake walikuwa wamezunguka vyumba vya maiti vyote, lakini wodini walifika mara moja tu, wakaambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Kwa hiyo mkipotelewa na mtu, nendeni polisi sasa hivi. Hakuna sheria ya kusubiri saa 24. Mkifika hospitali msiulize jina, ulizeni wasiojulikana, na mwombe kuwaona kwa macho. Na ukiwa na skrinshoti, sauti au video unayodhani inasaidia, ipeleke kwa afisa mwenye faili katika hali uliyoipata, bila kuikata wala kuiandikia juu. Kila kidokezo kinachofika kituoni lazima mtu akifuatilie, na nilimwona afisa yule akimaliza alasiri nzima kumhoji bibi wa miaka sabini kuhusu laini ya simu.

Kijana anatembea sasa, kwa mkongojo. Waliomtangaza shemeji kuwa muuaji wengi wamefuta walichoandika, wachache wameomba radhi kwa ujumbe wa faragha. Wiki iliyopita mama alinipigia. Skrinshoti yenye jina la bibi ilikuwa imemfikia tena, safari hii kupitia grupu la maandalizi ya harusi, na aliyeituma alikuwa ameongeza juu yake: "Shea kabla haijafutwa."